Duka la kupimiwa mtaani kwetu Ilomba: nani anunue, nani apite

Duka ninalolizungumzia lipo Ilomba, hapa Mbeya, ukiiacha lami ya kwenda Tunduma na kuingia ndani kwenye vumbi. Halina jina. Ukutani kulikuwa na tangazo la rangi, jua limeshalila, zimebaki herufi mbili. Mwenye duka tunamwita Mangi, neno la Wachaga, kama wanavyoitwa wenye maduka wengine, ingawa yeye ni Mkinga wa Makete na Kilimanjaro ameiona kwenye kalenda. Mimi ni fundi cherehani. Baraza ninaloshonea linatazamana na kaunta yake, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyepita kununua soda. Nanunua pale, nakopa pale, na wateja wake wengi ni wateja wangu pia.

Niseme mapema ili nisimpotezee mtu muda: kama una mshahara unaoingia benki, duka hili halikufai. Panda bajaji nenda Mwanjelwa au Kabwe, chukua sukari ya mwezi, mchele wa Kyela, mafuta ya lita tano, urudi nyumbani. Kwa Mangi utalipa zaidi na utapanga foleni nyuma ya mtoto aliyetumwa kiberiti. Duka hili linamhudumia mtu ambaye hela yake inaingia jioni na kufika asubuhi imeshakwisha.

Njoo saa kumi na mbili jioni uone. Saidia fundi anarudi kutoka saiti na elfu kumi au kumi na mbili mfukoni, kama kazi ilikuwepo. Anapita dukani kabla hajafika kwake, maana anajua akifika nyumbani ataagizwa arudi hukuhuku. Unga kilo moja 1,400. Kibomba cha mafuta 500. Dagaa fungu la buku, yaani 1,000. Nyanya na kitunguu 500. Mkaa kopo la 1,000. Sukari robo 800. Kipande cha sabuni ya mche 300. Hapo ni 5,500, na nyumbani wapo watano. Kinachobaki ndicho kodi ya chumba, umeme, mchango wa uji shuleni, na chakula cha kesho ikiwa kesho fundi hatampigia simu.

Kijana mpangaji mwenzetu anayesoma chuo kikuu cha MUST hapa Mbeya alinionyesha kwenye simu yake kwamba utafiti wa serikali wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini kwenye Sh49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na kwa chakula peke yake Sh33,748. Asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini ya ule mstari wa kwanza. Tuligawanya kwa siku thelathini: chakula ni kama 1,125 kwa siku. Zile 5,500 za yule saidia fundi, ukizigawa kwa vichwa vitano, ni 1,100. Watoto wanahesabiwa chini ya mtu mzima, hilo kijana alinifafanulia, lakini zile ni bei za wakati ambao kilo ya sukari ilikuwa haijafika elfu tatu. Mangi hajawahi kuusikia mstari huo, na sidhani kama kuna mtu anayeuona kwa karibu kuliko yeye.

Sasa vipimo, maana ndivyo vinavyolalamikiwa. Mafuta anapima kwa kibomba, kile kikopo chembamba chenye mkono mrefu. Nilimpelekea chupa ya maji ya nusu lita nikamwomba aijaze kwa kibomba hichohicho cha 500. Vilikwenda saba. Maana yake lita kwake ni 7,000, wakati nilipopita Mwanjelwa mara ya mwisho lita ilikuwa 5,500. Anayetumia kibomba kimoja kila siku anamwachia Mangi zaidi ya elfu tatu kwa mwezi juu ya bei ya sokoni, kilo nzima ya sukari hiyo. Sukari nayo ni hivyohivyo: kilo 3,000, robo 800, na ile anayofunga kwenye karatasi ya daftari kwa 200 haizidi gramu hamsini, kwa hiyo kilo yake imeshafika 4,000. Kadiri unavyochukua kidogo ndivyo unavyolipa zaidi.

Watu wa semina wakisikia hivyo husema maskini hajui hesabu. Anaijua sana. Kwenda na kurudi Mwanjelwa ni kama 1,200, na hapo karibu faida yote ya lita imeondoka. Halafu lita ikiwepo ndani, kwenye nyumba yenye watoto na shemeji aliyekuja kutafuta kazi, haikai wiki mbili. Watakaanga. Atakuja jirani na kikombe, na huwezi kumnyima mtu anayeiona chupa imejaa. Kibomba kikiisha kimeisha na hakuna wa kulaumiwa. Kuna mama hapa jirani anauza chapati, ana uwezo wa kununua ndoo ya lita ishirini na hanunui kwa sababu hiyohiyo.

Mzani wa Mangi una stika ya Wakala wa Vipimo, nimeiangalia mwenyewe na si ya zamani. Kibomba hakina stika, wala sijawahi kumsikia mtu akiulizia. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba cha kwake hakijabonyezwa kitako. Lipo duka lingine hukuhuku, silitaji, ambalo nusu lita inamaliza vibomba tisa kwa bei ileile. Ukichukua kwa taslimu, Mangi anatoa na nyongeza: tone la mafuta, chembe za sukari anazozidishia baada ya mzani kutulia, nyanya moja iliyopondeka. Kumbukeni hiyo nyongeza, nitairudia.

Juu ya kaunta amening'iniza kibao: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Chini ya kibao hichohicho, kando ya ndoo ya chumvi, lipo kaunta buku la madeni limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hilo ndilo linalofanya niandike haya, maana kwa bei peke yake ningeshahama.

Mle ndani hatumo kwa majina ya ubatizo. Tumo kwa nyumba na kazi: Mama Chumba cha Nyuma, Boda Fulana Nyekundu, Fundi Bomba, Mwalimu, Bibi wa TASAF. Mimi ni Cherehani. Kila mmoja ana kikomo chake na Mangi hajakiandika popote. Boda hapewi zaidi ya elfu tano, na anatakiwa alipe kesho yake. Utasema anayepata hela kila siku ndiye wa kuaminiwa. Nilimwuliza, akanijibu huku anapima unga: "Mama, anayepata kila siku akishindwa kulipa leo, jua kuna jambo." Mwalimu anafika hata elfu sitini, kwa sababu mshahara wa serikali una tarehe zake na Mangi anazijua kuliko Mwalimu. Bibi yeye analipa pale yanapotoka malipo ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ambayo kwa utaratibu ni kila baada ya miezi miwili, na yakichelewa Mangi anachelewa naye. Bibi akichukua chumvi yake anasema "ndaga", yaani asante, Mangi anaitikia kwa Kikinga, na wanaelewana.

Saidia fundi wakati wa kiangazi anakopa mpaka elfu kumi na tano. Mvua zikishika, Mangi anamshusha mpaka elfu tano. Hapo ndipo tunapogombana naye mwaka hadi mwaka. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Tofali halikauki, msingi unajaa maji, wenye nyumba wanasema tusubiri. Njia za Umalila zinakuwa tope, malori ya viazi yanapungua Uyole, na mpakiaji anayelipwa kwa gunia anakaa kwenye toroli akiwa amejifunika nailoni. Mahindi shambani bado mabichi na debe sokoni linapanda. Januari inakuja na sare na madaftari. Yaani mwezi ambao mtu anauhitaji mkopo wa Mangi kuliko wakati wowote ndio anapunguziwa. Nimemwambia hivyo mbele ya watu. Hakukasirika. Alisema wenye jumla wa Mwanjelwa wanampa mzigo kwa wiki moja na hawajui kama mvua inanyesha. Namwelewa, na bado nampunguzia alama hapo.

Mimi msimu wangu uko kinyume na wa mtaa. Ada ya shule ilifutwa tangu Januari 2016, sare haikufutwa, namshukuru Mungu. Kwa hiyo hela yangu inaingia Desemba na Januari, wenzangu wakiwa wameishiwa. Kuanzia Juni mahindi yanavunwa, kahawa ya Mbozi inaanza kuuzwa, mpunga wa Mbarali na Kyela unakobolewa, mji unachangamka, mafundi wanaitwa saiti hadi Jumapili, na mimi nabaki kupunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Mangi analijua hilo bila kuambiwa. Julai, kipupwe kikiwa kikali na vidole havishiki sindano, ananiruhusu mpaka elfu thelathini. Januari anavuka barabara mwenyewe na kalamu sikioni. Sare za watoto wake wawili nazishona na tunakatana humohumo, mashati kwa unga. Hakuna benki iliyowahi kuniuliza hela yangu inaingia mwezi gani. Nilipokwenda kuulizia mkopo sehemu moja, waliniambia marejesho ni kila mwezi, kiasi kilekile, nikaondoka na fomu yao nikaitumia kukatia ruwaza ya kola.

Riba haongezi. Bei ya mkopo ni bei ya taslimu. Kinachoondoka ni nyongeza: mkopaji mzani wake unatulia pale ulipotulia. Ukimwangalia mkono utajua nani kalipa na nani kaandikwa, na watoto wanaotumwa wanajua pia. Gharama ya pili ni kwamba ukishakuwa kwenye daftari umefungwa. Huwezi kupita mbele yake umebeba unga wa duka lingine ukiwa unadaiwa. Hatasema kitu, ila siku ya kukopa utaambiwa sukari imekwisha na wewe unaiona. Kwa hiyo zile elfu tatu za mafuta, kwa mtu wa daftari, ndiyo riba yenyewe. Kwa hesabu yangu inalipika. Kwa mtu ambaye hakopi kabisa ni hasara tupu, na wapo wanaonunua pale kila siku kwa uvivu tu.

Tahadhari moja. Mangi anaandika haraka na mwandiko wake anausoma mwenyewe. Nusu kilo imewahi kuandikwa kilo. Alipoonyeshwa alirekebisha bila maneno, lakini ilibidi aonyeshwe. Kuwa na daftari lako nyumbani. La kwetu anashika mwanangu wa darasa la sita, na tangu Mangi ajue lipo, mwandiko wake umekuwa mzuri.

Kitu kingine unachoweza kukijua kwa kukaa mkabala na kaunta ile ni nani ana mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Vikundi vinakutana Jumanne kurejesha. Jumatatu jioni wanawake wale wale wa kilo wananunua nusu, mafuta wanaruka, sukari wanaruka, na mkaa wanaomba kwa 500. Jumatano wanarudi kawaida, au wanakuja kukopa kwa Mangi ili waishi baada ya kumlipa yule mwingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na mimi sijawahi kumwona mtu akiomba kuonyeshwa leseni wakati mtoto anaumwa na hela iko mezani. Mangi akishagundua kuwa uko kwenye kausha damu anakupunguzia kikomo kimyakimya. Wengine wanamwona ana roho mbaya. Mimi naona ni namna pekee aliyonayo ya kuokoa unga wake.

Gesi anauza, mitungi ya kilo sita, imepangwa nje na mnyororo umepita kwenye mikono yote. Nimeona kwenye habari mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Sawa. Kopo la mkaa la 1,000 kila siku ni elfu thelathini kwa mwezi, na kujaza mtungi mdogo ni elfu ishirini na kitu, kwa familia ndogo unaweza kufika mwezi. Gesi ni rahisi na kila mtu pale foleni anajua ni rahisi. Ila gesi haipimwi kwa kopo. Inataka elfu ishirini na kitu mkononi kwa mara moja, na mwenye kuipata hiyo siku moja ana watu watatu wanaoidai kabla ya jiko. Mangi haikopeshi. Nilimshauri awe anapokea kidogokidogo, 1,000 kwa siku, mpaka mtungi utimie, akakubali kwa watu wachache anaowajua. Mama Chumba cha Nyuma amefanikiwa hivyo, anapikia gesi asubuhi na maharage bado anachemshia mkaa. Hii ni huduma nzuri kuliko zote za duka lile na hakuna tangazo lake popote, basi mimi nalitangaza.

Wakala wa fedha za simu yupo dirishani, ni mke wa Mangi. Anakaa na floti ya kutosha isipokuwa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ndipo wasichana wa kazi wa nyumba za kule juu wanaposhuka kutuma nyumbani, Ileje, Rungwe, Makete. Amri ya mshahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha Sh60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumba ya kawaida anayelala kwa mwajiri. Sijui nyumba ngapi ziliifuata, lakini nasikia yanayosemwa dirishani: "Weka elfu ishirini na ya kutolea." Ya kutolea hawasahau kamwe. Mama anawahudumia kwa adabu, anawaita mwanangu, anawasomea jina kwa sauti ya chini kabla ya kutuma, na hajawahi kumtumia mtu asiye wake. Ukiwa na haraka mwisho wa mwezi nenda kwingine.

Mengine kwa kifupi. Mchele wake una mawe. Unga wa dona ni mzuri, unasagwa mashine ya karibu na unaisha kabla haujapata wadudu. Usipa (dagaa) wa Kyela akiuleta ununue siku hiyohiyo. Chenji anakupa pipi, na ukimrudishia pipi kulipia kiberiti anakataa, jambo ambalo nimelijadili naye bila mafanikio. Sigara moja moja anawauzia vijana ambao mimi ndiye niliyewashonea kaptura za shule, na hilo silipendi hata kidogo.

Nampa nyota nne kwa mtu wa kibarua, mbili kwa mwenye mshahara. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa tatu usiku, Jumapili baada ya ibada. Ukiwa mgeni usiombe daftari. Nunua kwa taslimu miezi michache, mama mwenye nyumba wako akutaje mbele yake, ndipo uulize. Usiulize Jumatatu. Na chupa ya mafuta uje na yako, nyeupe, yenye alama ya nusu lita.